Choki ilikuwa baridi

Saa nane kasoro usiku. Taa sita za indiketa zinawaka hapa mezani, tatu kila upande, na nimeshika hitisinki (bati la kutolea joto) kwa kiganja chote na bado sijautoa mkono. Naandika kabla sijalala maana kesho ntasahau nini kilianza na nini kilifuata, na kwenye hii ishu ya kuilisha amplifaya umeme wa betri ya gari hicho ndo kilichonichanganya wiki nzima.

Nianze na shangazi. Shangazi ndo kiongozi wa kwaya na kila mara wanapanda vijiji vya milimani huku Uluguru kuimba, kwingine umeme upo, kwingine ukifika ni betri yako tu. Walikua wanatumia inveta, yaani betri ya 12V inapandishwa mpaka 230, alafu amplifaya ina transfoma yake inaushusha tena, kila hatua inakula chake, na ile betri yao ya N70 inalala mahubiri hata hayajaisha. Nikamwambia shangazi ntakutengenezea amplifaya inayokula betri moja kwa moja. Akasema baba ukiweza hilo ntakuombea kila siku. Sasa ukishaambiwa hivyo na shangazi yako utarudi nyuma?

Amplifaya yenyewe haikunisumbua. Nimetumia TDA7294 mbili, ni aisii (chipu) ya kawaida, ukiipa volti chanya 35 na hasi 35 kwenye spika ya ohm 8 inatoa kama wati 70. (Kama unaifunga ya kwako kumbuka bati lake la mgongoni limeungana na upande hasi, weka maika (kipande chembamba kisichopitisha umeme), usiibane kwenye hitisinki hivi hivi.) Kazi iko kwenye hizo 35 mbili. Sauti inapanda na kushuka kutoka zero, kwa hiyo amplifaya inataka umeme juu ya zero na mwingine chini ya zero, na betri ya gari inakupa 12 tu, upande mmoja. Hapo ndo unahitaji konveta.

Nilichofunga ni hiki. Aisii ya SG3525 ndo inayopiga mapigo, nimeiwekea kapasita ya 1nF na rezista ya 18k, inatoa kama kilohezi 80, ikigawanywa kwa mosfeti mbili (swichi za umeme) kila moja inapata 40. Mosfeti ni IRF3205, zinavuta zamu kwa zamu, hii ikiwaka ile imezimwa. Koa (kiini) ya transfoma nimeitoa kwenye pawasaplai mbovu ya kompyuta, niliichemsha kwenye sufuria chakavu mpaka gundi ikalegea, alafu nikazungusha upya, raundi 4 na 4 upande wa betri, 15 na 15 upande wa pili, kwa nyaya nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja maana kwenye 40kHz umeme haupiti katikati ya waya mnene, unapita juu juu kwenye ngozi. Daiodi, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, hapa usikosee. Zile za 45V zinazojaa kwenye pawasaplai za kompyuta hazifai, betri ikiwa 14 hapa sekondari inatoa zaidi ya 50 na daiodi iliyozimwa inaona mara mbili yake, mimi nimeweka MUR1620CT upande chanya na MUR1620CTR upande hasi, ni za 200V.

Alafu choki, yaani koili ya waya uliozungushwa kwenye ringi. Baada ya daiodi umeme bado ni vipande vipande, choki ndo inaulainisha kabla haujaingia kwenye kapasita. Nilishasoma kwamba kwenye konveta ya pande mbili usiweke choki mbili mbalimbali, zungusha zote kwenye ringi moja ili pande zibebane, mmoja ukielemewa mwingine unausaidia. Nikachukua ile ringi ya njano yenye ubavu mweupe kutoka kwenye pawasaplai hiyo hiyo, nikashika nyaya mbili kwa pamoja nikapiga raundi 25. Mianzo yote miwili nikaipeleka kwenye daiodi, miisho yote miwili kwenye kapasita. Nikaiangalia nikaipenda, imekaa kama mapacha.

Jumatatu nikawasha. Kwanza bila mzigo, taa ya H4 ya mbele ya gari nimeiweka mfululizo na betri ili kukiwa na shoti iwake yenyewe badala ya kitu kuungua. Haikuwaka, na kwa kuwa haiwezi kupitisha mzigo nikaitoa nikaweka fyuzi ya 20A. Mzigo ni taa za indiketa za 12V wati 21, tatu mfululizo zinafika 36V, nikatengeneza seti mbili. Upande chanya peke yake: 35 kamili, taa nyeupe, mosfeti baridi. Ila upande hasi ambao hauna mzigo ukapanda mpaka 50 na kitu. Nikahamisha taa upande hasi: ukalala mpaka 21, taa nyekundu nyekundu, huku chanya imekaa palepale 35.

Hapo ndo nilipopotea njia. Nilijiambia ni kawaida, fidibeki (waya unaoiambia aisii volti zimefika ngapi) nimeichukua upande chanya tu, aisii haiuoni upande hasi, lazima uyumbe. Na ni kweli huwa unayumba, ndo maana nilijiamini. Ila huwa ni volti mbili tatu, sio 15. Niliona namba nikaipa jina ninalolijua alafu nikaendelea na mambo mengine.

Nikaweka seti zote mbili. Mlio mwembamba kama mbu, hitisinki ikachemka ndani ya sekunde kumi hivi, alafu pah. Mosfeti zote mbili zimeshoti.

Jumanne nikabadilisha rezista za geti (mguu unaowasha mosfeti) kutoka ohm 10 kwenda 22, nikaongeza rezista na kapasita ndogo kwenye dreni (mguu umeme unapoingilia) kuzuia ule mruko wa volti, nikabadilisha mosfeti. Upande mmoja mmoja safi. Zote mbili pah. Jumatano nikapanua ule muda wa kupumzika kati ya zamu ili mosfeti zisije kuwaka pamoja, nikaazima sikopu ndogo ya DSO138, ya kuonesha mapigo ya umeme kwenye skrini, kwa rafiki yangu, nikatazama mageti moja moja, mapigo yanaonekana mazuri. Nikawasha. Pah. Sita zimekufa, nilinunua kumi.

Usiku huo nilikosea kwa mtu. Mosfeti nilizinunua Kariakoo, nilipanda treni asubuhi nikarudi jioni, duka moja ambalo nimenunua vitu mara nyingi na yule kaka hajawahi kunibania. Nikamtumia voisi WhatsApp, dakika mbili nzima. Nikamwambia amenipa feki, amekula hela yangu na kwaya inaningoja, na mengine ambayo sitaki kuyaandika. Akajibu neno moja, sawa. Hakubishana.

Feki zipo sokoni kweli, sio hadithi, unakuta ndani kipande kidogo kimebandikwa jina kubwa. Alhamisi nikasema basi ngoja nimkamate na ushahidi. Nikachukua zile nne zilizobaki, moja moja, geti nikaipa 12V, nikapitisha taa ya H4 kwenye dreni, mita ya ampea inasoma 4.5, alafu nikaweka mita nyingine kwenye miguu ya dreni na sosi (mguu umeme unapotokea), palepale kwenye mzizi wa mguu. IRF3205 halisi haitakiwi kuzidi miliohm 8, kwa hiyo kwenye ampea 4.5 inatakiwa iwe milivolti 36 au chini. Feki ingenipa 100 huko.

34. Ya pili 33. Ya tatu 35. Ya nne 34.

Nilikaa muda mrefu sana na hizo namba. Nilitafuta ushahidi wa kumfunga mtu na ushahidi umemtoa. Na kama mosfeti ni nzima, na mageti nimeyaona kwa macho yangu ni mazima, basi kinachoziua kiko mbele yake, na mimi siku tatu nilikua nafukua palepale panapotoka moshi.

Jana Ijumaa nikaamua kutowasha zaidi ya sekunde tano. Nikaweka seti zote mbili za taa, nikawasha, nikazima, nikagusa kila kitu kwa kidole. Mosfeti moto. Daiodi moto. Waya wa transfoma vuguvugu. Choki baridi. Nikarudia mara nne, tano, vyote vinazidi kupanda, choki baridi kama jiwe la mtoni. Mara ya kwanza nilifurahi kabisa, nikasema angalau hii haina shida. Nimeshaenda kunywa chai ndo ikanijia, ile ringi ya njano sio ferraiti, ni unga wa chuma, kwenye frikwensi hii ikifanya kazi ni lazima ipate joto. Choki iliyo baridi wakati taa zote zimeunganishwa ni choki ambayo haifanyi kitu.

Nikaikata kwenye bodi. Nina ile mita ndogo ya kupimia vijenzi, waya mmoja ukasoma 0.06 mH, wa pili 0.06. Nikaunganisha mwisho wa wa kwanza na mwanzo wa wa pili, ikasoma 0.23, sawa kabisa, ukiongeza raundi mara mbili inapanda mara nne. Alafu nikaziunganisha jinsi umeme unavyopita kwenye bodi yangu. Mita ikaniandikia rezista. Koili haipo.

Nieleze vizuri hapa maana najua kuna mtu atakuja kupita njia hii. Upande chanya umeme unatoka kwenye daiodi unapita choki unaenda kwenye mzigo. Upande hasi ni kinyume, umeme unatoka kwenye mzigo unapita choki unarudi kwenye daiodi. Mi nilipeleka mianzo yote kwenye daiodi kwa sababu kwa macho ndo inaonekana imelingana, lakini umeme ukawa unaingia kwa mwanzo waya huu na unaingia kwa mwisho waya ule, sumaku mbili kwenye ringi moja zinasukumana mpaka zinafutana. Mzigo ukiwa upande mmoja hakuna wa kumfuta mwenzake, choki ipo, mosfeti zinabaki baridi. Ukiweka pande zote sawasawa choki inapotea, transfoma inabaki inajaza kapasita moja kwa moja kwa mikupuo mifupi ya ampea nyingi sana, na mkupuo huo wote unapita kwenye mosfeti. Na ile 50 na kitu upande usio na mzigo ilikua ni waya mmoja unaubebesha mwingine kwa mwelekeo mbaya. Jumatatu nilishaambiwa yote.

Leo nimegeuza ncha mbili tu, za upande hasi. Mwisho uende kwenye daiodi, mwanzo uende kwenye kapasita. Kabla ya kuunganisha nimechukua rangi ya kucha ya dada nikaweka nukta nyekundu kwenye kila mwanzo wa waya, ili niione hata nikiwa na usingizi. Nikafunga mosfeti mbili katika zile nne. Mkono ulikua unatetemeka, sitaficha.

Chanya 35.1. Hasi 34.6. Taa zote sita nyeupe, mlio wa mbu hakuna, betri inatoa ampea 12, na hayo ni matumizi ya haki kwa wati zinazotoka. Nikaitoa seti ya upande hasi, hasi ikapanda mpaka 36 na kidogo ikatulia. Choki ina joto. Saa nzima sasa, hitisinki inashikika.

Saa tatu usiku, kabla sijawa na uhakika wa asilimia zote, nilimpigia yule kaka wa Kariakoo. Sikutaka voisi tena. Nikamwambia kaka nimekuja kuomba radhi, mosfeti zako nimezipima, ni nzima zote, kosa ni langu na lile neno nililokuita sikutakiwa kulitamka. Akanyamaza kidogo. Alafu akasema, "Mdogo wangu, ulinunua na choki kwangu?" Nikasema hapana, niliizungusha mwenyewe. Akasema kuna wateja wawili mwezi huu wamerudisha 3205 kwa malalamiko hayohayo, upande mmoja safi, pande mbili zinaungua, akawarudishia hela. Akaniuliza niliigeuzaje.

Nikamwambia ngoja. Nimepiga picha ya choki kwa juu, zile nukta nyekundu zinaonekana, moja kwenye daiodi, moja kwenye kapasita, na chini yake nimemchorea mishale miwili kwa kalamu. Sasa hivi tiki zimekua mbili, bado hajaifungua. Shangazi nae kaandika tangu saa moja, baba mtihani umefikia wapi, tunaondoka kesho alfajiri. Taa zinaendelea kuwaka. Naziacha nusu saa nyingine alafu nafunga boksi.