Nayakumbuka Makosa Yangu Leo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikuwa nimeandaa somo la Kumbukumbu la Torati 31, pale Mungu anapomwagiza Musa aandike wimbo na kuwafundisha wana wa Israeli kabla ya kuwaaga. Nilikuwa na vipengele vitatu, vimekaa vizuri kwenye daftari. Cha kwanza mtakisikia kidogo. Hivyo vingine sijui kama tutavifikia, kwa sababu Jumanne jioni majirani zangu walinivuruga.

Nyuma ya ukuta wetu kuna shule ya sekondari, na msimu huu mnaujua: kidato cha nne wanafanya mahafali kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Wiki mbili nzima, ikifika saa kumi, ni mazoezi ya kwaya, na spika moja inayokoroma kila besi inapoingia. Nikiri kwamba nilishamwambia mke wangu naenda kuongea na mwalimu wa zamu. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Ndipo wakazima kinanda, wakaanza kuimba kwa sauti tupu ule wimbo wa kuagana tunaoujua sote kutoka Tenzi za Rohoni, Mungu awe nanyi daima. Walipofika kwenye "hata twonane", nikashindwa kuinuka pale kizingitini. Mke wangu alipotoka na kuniona machozi, akaniuliza nani amefariki.

Simlaumu. Wimbo ule tumeufanya wa makaburini. Lakini Jeremiah Rankin, mchungaji wa Washington aliyeandika maneno yake ya awali mwaka 1880, hakuwa akimzika mtu. Alitaka watu wa Mungu wawe na salamu yao ya kuagana, wakiwa wazima, kila mtu akishika njia yake. Sisi tumengoja mpaka mmoja awe sandukuni ndipo tumwimbie.

Basi, kuhusu nyimbo. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wanasema muziki tulioupenda tangu ujana mpaka miaka ya ishirini na kitu ndio unaong'ang'ania kuliko wowote tunaousikia baadaye. Nadhani wengi wenu mmeshamwona mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, hamjui hata mtoto aliyemzaa, lakini ukianza tenzi anaimaliza beti zote bila kukosea. Musa alikuwa na miaka 120, mto Yordani uko mbele yake na ameambiwa hatavuka. Bwana akamwambia awaachie wimbo, na sababu ameitaja mwenyewe katika mstari wa 19 na wa 21: wimbo huo utakuwa shahidi juu yao, kwa kuwa hautasahauliwa vinywani mwa uzao wao.

Shahidi. Nimelisoma neno hilo miaka mingi nikidhani ni neno tamu. Jumanne jioni shahidi alisimama upande wa pili wa ukuta akanishuhudia mimi.

Mwaka 1998 nilimaliza kidato cha nne katika shule ya bweni mkoani Mbeya. Mahafali yetu yalikuwa kama ya wengine: maturubai ya kuazima, risala ndefu ya kumlilia mgeni rasmi shida ya maji na uzio, pilau ya mara moja kwa mwaka. Tulifungua kwa wimbo wa taifa. (Hivi mnajua kwamba tuni ile ni ya mwalimu wa shule? Enoch Sontonga aliitunga mwaka 1897 huko Afrika Kusini, wanafunzi wake wakaiimba, naye akafariki mwaka 1905 bila kujua kwamba mataifa yangesimama wima kwa ajili yake.) Tulifunga kwa kwaya ya UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, na wimbo huohuo wa kuagana. Mimi nilikuwa sauti ya tatu. Rafiki yangu, aliyelala deka la juu yangu kwa miaka minne, alikuwa besi. Tukasainiana mashati, tukaandikiana kwenye madaftari ya otografu: usinisahau, usinisahau, usinisahau, kurasa nzima.

Aliyesoma bweni anajua kwamba siku ya mahafali si siku ya kuondoka. Pilau ikishaliwa mnarudi prepo, mnakesha na mtihani wiki kadhaa. Siku ya kuondoka yenyewe haina mgeni rasmi. Ina baridi ya alfajiri na matranka yaliyopangwa kando ya barabara. Na usiku wa kuamkia siku hiyo nauli yangu iliibwa bwenini.

Mimi nilikuwa narudi Morogoro, yeye Njombe. Nilipomwambia, alitoa soksi aliyofungia fedha zake, akahesabu ya kunifikisha, akanikabidhi, kilichobaki akakirudisha kwenye soksi. Nikamuuliza kama kitamtosha. Akasema kitatosha. Tukapanda basi moja mpaka Makambako, pale njia panda ambapo wa Njombe na Songea wanashuka na sisi wa Iringa na kuendelea tunasonga. Aliposhuka alikuja kusimama chini ya dirisha langu, tranka miguuni, akauanzisha ule wimbo kwa besi yake, kwa utani, abiria wakacheka. Nikaimba naye mpaka basi lilipoondoka.

Barua yake ilinifikia baada ya matokeo. Mimi nilikuwa nimefaulu kwenda kidato cha tano. Yeye alipata sifuri. Aliandika kama mtu anayesimulia kichekesho kwamba nauli haikutosha, akalala Makambako siku mbili mpaka akapewa lifti na lori lililokuwa likienda kuchukua mbao. Kwa msiopajua Makambako, ile si baridi ya kulala barazani. Ombi alilibakiza mwisho kabisa: anataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, vitabu hana, je, naweza kumtumia madaftari yangu ya Baiolojia, Historia na Uraia, maana mimi siyahitaji tena?

Kweli sikuyahitaji. Yalikuwa ndani ya tranka, nyumbani kwa mama, chini ya kitanda. Niliiweka barua katikati ya Biblia ili niijibu Jumapili. Jumapili ilikuja ikapita, na nyingine, kisha shule ikafunguliwa nikasafiri. Mwisho wa yote waliofaidi madaftari yale ni panya.

Jumanne usiku usingizi ulinigomea, nikafungua Mwanzo 40, sijui kwa nini pale. Yusufu yuko gerezani, amemfasiria mkuu wa wanyweshaji ndoto yake, na malipo anayoomba ni kitu kimoja tu: unikumbuke mimi, utakapopata mema. Msipite haraka hapo, ndugu zangu. Utakapopata mema. Yusufu alijua mtego uko wapi. Gerezani hakuna anayemsahau mwenzake. Mnakula sufuria moja, mnaogopa mlango mmoja. Meza ya Farao ndiyo inayosahaulisha. Maandiko hayasemi yule mnyweshaji alikuwa mtu mbaya. Alirudishiwa kazi yake, na kushika kikombe cha mfalme ni kazi ya mikono miwili. Mstari wa 23 unasema hakumkumbuka Yusufu, bali alimsahau. Miaka miwili mizima.

Yangu mimi ya kusahau ni zaidi ya 25. Kidato cha tano, chuo, kazi, ndoa, watoto, uzee wa kanisa. Kila jema lililokuja nililishukuru kwa Mungu, wallahi nililitolea na sadaka, na kila jema lilikaa juu ya ile barua kama shuka juu ya shuka, mpaka nikawa siioni.

Kisha angalieni sura ya 41, mstari wa 9. Farao ameota, waganga wameshindwa, na mnyweshaji anasema, "Nayakumbuka makosa yangu leo." Alisema mbele ya baraza. Na ili amtaje Yusufu ilimpasa amkumbushe Farao kwamba aliwahi kumkasirikia na kumtia kifungoni. Ni nani anayependa kumkumbusha bosi siku aliyomfukuza? Toba ile ilimgharimu, na ilikuwa na mahali pa kwenda: gereza fulani, kijana fulani. Sisi toba zetu ni za jumla mno. "Bwana nisamehe dhambi nizijuazo na nisizozijua." Hizo unazozijua, zitaje.

Halafu kuna jambo lilinichoma. Mnyweshaji hataji jina. Anasema kulikuwa na kijana, Mwebrania, mtumwa wa mkuu wa askari. Pengine miaka miwili ilitosha kulifuta. Mimi jina la rafiki yangu ninalo. Jina la kijiji chake limenitoka, na aliwahi kunichorea ramani ya kufika kwao.

Sasa niseme na ninyi, na mnivumilie, maana najisemea na mimi.

Tuna kundi la WhatsApp la waliomaliza mwaka ule. Kila Ijumaa jioni mtu anatupia wimbo wa zama zetu, tunajaza vicheko na mioyo, enzi hizo, enzi hizo. Tulimaliza themanini na kitu. Jumanne usiku niliwahesabu waliomo kundini: thelathini na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyepata sifuri. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewatafuta tu. Tumeimba "hata twonane" na watu ambao hatukuwa na nia ya kuonana nao.

Na kanisani je? Matokeo yakitoka, Jumapili inayofuata tunawaita mbele waliofaulu. Makofi, maombi, mzazi anatoa shukrani. Ni vyema, tuendelee. Lakini yule aliyefeli yuko benchi la nyuma karibu na mlango, kama amekuja. Nani kati yetu amewahi kumwita mbele, akamwekea mkono begani? Nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na mmoja, sijawahi. Kila matokeo yakitoka tunapoteza vijana kwenye kwaya, tunakaa kikao, tunaandika kwenye muhtasari kwamba vijana wamepoa kiroho. Hawajapoa. Wanaona aibu, na sisi ndio tuliowafundisha kwamba nyumba ya Bwana nayo ina ubao wa matokeo.

Mpendwa, unaposikia wimbo wa siku zile ukatokewa na sura ya mtu, usimalizane naye kwa kuutuma wimbo kwenye kundi. Huenda Roho wa Bwana amekushika mkono akiwa na jambo mahususi kabisa. Huenda ni deni la nauli, au neno ulilolisema bwenini mbele za watu. Kama ni shangazi aliyeuza mbuzi ukalipiwa ada, naye sasa anasikia habari zako kwa majirani, nenda kwake kabla hatujakuimbieni wote wawili pale tunapopenda kuimba. Usiseme muda umepita. Mnyweshaji naye muda ulikuwa umepita, na Bwana alimtumia hivyohivyo na kuchelewa kwake.

Kipengele cha pili kilikuwa Mathayo 26:30, walipokwisha kuimba wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Ule nao ulikuwa wimbo wa kuagana, na usiku uleule wote walimkimbia. Nitauacha kwa leo, ila mstari wa 32 uwekeni moyoni: kabla hawajakimbia, Bwana alishawaambia mahali watakapoonana, Galilaya. Cha tatu hakifai tena, nimekifuta.

Alhamisi nilipata namba yake kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa naye kwaya. Toba yangu niliiandika kwenye karatasi ili nisibabaike. Simu iliita mpaka karibu ikatike, akapokea katikati ya kelele za mashine ya kupasua mbao. Nikataja jina langu, nikataja shule na mwaka. Akamfokea mtu azime mashine. Kukawa kimya. Kisha ile besi, imekwaruza kidogo:

"Kwa hiyo ulifika Morogoro?"

Karatasi sikuisoma. Nilimwambia nilifika. Akaniuliza habari za mama, nikamwambia alilala, akanipa pole ndefu kama msiba ni wa jana. Madaftari nililazimika kuyataja mwenyewe. Akasema, "Yale? Kumbe uliipata barua," na hapo akanyamaza kidogo, na kimya hicho nilistahili. Hakusema haikuwa kitu. Alisema binti yake wa mwisho yuko kidato cha nne, mahafali yao ni Jumamosi ijayo, kama nina nafasi.

Tiketi nimeshakata, nashuka Makambako, atakuja kunichukua pale. Mke wangu ananiuliza nitabeba zawadi gani na sina jibu. Niombeeni, wapendwa, maana nimeshaanza kutafuta udhuru.