Kufuli la paini limefunguka

Jumapili, mwisho wa Juni

Leo saa kumi na moja jioni kijiti kimoja kilisogea.

Nilikuwa nimekaa barazani, chai imepoa pembeni, nalipapasa kufuli la fundi kama ninavyolipapasa kila Jumapili tangu mwanzo wa Aprili. Nikasukuma kwa kidole gumba kijiti cha juu, kile chenye fundo jeusi ubavuni, na safari hii hakikugoma. Kilikwenda upana wa ukucha, labda na nusu yake. Ukatoka mlio mkavu kama wa njiti ya kiberiti inayovunjika, na unga mweupe wa mbao ukanidondokea mapajani. Nikasimamisha mikono. Nilikaa vile vile kwa muda mrefu, sithubutu kusukuma wala kurudisha, maana wiki kumi na mbili nzima nilikuwa sijui kinachonizuia ni fumbo la fundi au ni maji ya mvua.

Kwa asiyewahi kuliona, kufuli ninalolisema si la mlango, ni fumbo la kuchezea: vijiti sita vya mbao vyenye unene mmoja, vimepishana viwili viwili: viwili vimelala, viwili vimesimama, viwili vimekuja mbele. Kila kijiti kimekatwa mapengo katikati, na kila pengo linameza ubavu wa mwenzake, mpaka sita hao wanakuwa kitu kimoja chenye ncha pande sita. Hamna gundi wala msumari. Wachina wanaliita kufuli la Lu Ban, kwa jina la seremala wao wa kale ambaye masimulizi yanampa sifa ya kubuni zana nyingi za ufundi wa mbao. Kwa Kiingereza ni burr, na jina hilo limo tayari katika kitabu cha mafumbo ya mbao cha Edwin Wyatt cha 1928. Maana yake ni lile tunda la miba linalong'ang'ania nguo ukipita porini. Sisi tuna kishona nguo, na mimi makufuli yangu magumu nayaita hivyo hivyo, vishona nguo.

La kwanza nililipata Guangzhou, nilipomsindikiza shangazi kufunga mzigo wa mapazia. Muuzaji alilifungua na kulirudisha mbele ya macho yangu kabla sijamaliza kuuliza bei. Hotelini nililifungua mara moja, vijiti vikamwagika kitandani, na sikuweza kulirudisha mpaka siku ya nne, shangazi akiwa ameshafunga mabegi. Tangu hapo nimeamini kwamba kulifungua si kazi. Kazi ni kulirudisha, kwa sababu vijiti vikishakuwa sita mezani havikwambii nani alikuwa jirani ya nani.

Lile la Guangzhou limejaa ndani, halina hata nafasi ya punje ya mchele. Kijiti kimoja hakina pengo lolote, ni kipande kinene tu kilichonyooka. Ukikisukuma kinatoka chote, na baada yake vingine vyote vinalegea. Kwa miaka kama miwili nilifikiri ugumu ni kujaa. Nikadhani kufuli lisilo na upenyo ndilo bingwa.

Nilikuwa nimeligeuza jambo kichwa chini miguu juu. Kufuli lililojaa halina siri ndefu, kwa sababu ndani hakuna pa kwenda: hatua yako ya kwanza, ukiipata, ndiyo inayotoa kitu nje. Ni uwazi unaolifanya kuwa gumu. Acha chemba ndogo mbili tatu katikati, mahali ambapo jicho halifiki, na sasa vijiti vina uwanja wa kutembea bila kutoka. Hiki kinaingia ndani kidogo, kile kinapata njia ya kwenda kushoto, na kikienda kushoto kinamfunga wa kwanza. Mmarekani Bill Cutler aliyahesabu haya kwa kompyuta. Miaka ya 1970 alipata kwamba makufuli yaliyojaa ya vijiti sita yanaweza kupangwa kwa namna 119,979. Halafu kuanzia 1987 hadi 1990 akahesabu yenye uwazi pia, na namna zikafika zaidi ya bilioni 35. Kati ya hizo, karibu bilioni 6 ndizo ambazo mkono wa mtu unaweza kuzikusanya kweli. Zilizobaki zinakaa sawa kwenye hesabu tu. Vijiti vyake havina njia ya kuingiana. Nilipolisoma hilo niliweka simu chini nikaenda kulitazama kabati langu kwa macho mengine.

Cutler huyo huyo alibuni moja ambalo linataka hatua tano kabla kijiti cha kwanza hakijatoka. Ninalo la mfano wake. Nilitembea nalo kwenye mwendokasi wiki tatu, asubuhi na jioni, nikiwa nimesimama nimeshika bomba kwa mkono mmoja, na mkono huo mmoja uliobaki ndio ulionifundisha. Macho yanadanganya kwenye kazi hii. Yanaona ncha sita zinazofanana, yanachoka. Kidole kinajua kipi kinacheza na kipi kimekaza, kinajua tofauti ya kugonga ukuta na kugonga mlango uliorudishiwa. Nilikuwa nikifika nyumbani nachora mishale kwenye daftari: juu moja, kushoto mbili, rudi. Siku kijiti cha kwanza kilipotoka nilikuwa jikoni naosha mchele, kufuli limekaa juu ya meza, nikafuta mkono mmoja nikasukuma bila kufikiri.

Iko programu ya bure iitwayo BurrTools, ya Andreas Röver, ambayo unaipa maumbo ya vijiti nayo inakupa njia nzima. Ni kazi ya heshima na wabunifu wanaitegemea. Mimi naifungua baada ya kumaliza, kuangalia kama kulikuwa na njia nyingine. Kabla ya hapo siigusi.

Sasa fundi.

Yuko Keko, hapa Dar es Salaam, kwenye safu ya karakana za samani, na nilimjua kwa sababu ya kitanda. Siku moja nilikwenda kukagua kitanda nikiwa na lile la Cutler mkobani. Alilichukua, akaligeuza, akanusa mbao, akauliza, "Binti, hili nani kakupa?" Nikamfungulia. Akaokota kijiti kimoja akakiweka karibu na jicho, penseli ikiwa bado sikioni. "Hiki hakikukatwa kwa msumeno," akasema. "Hii kona imezibwa pande zote. Msumeno utapita wapi?"

Alikuwa ameona katika dakika moja jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisoma. Vijiti vingi vya makufuli haya vina kona za ndani zisizofikiwa na msumeno, inabidi uzichimbe kwa patasi taratibu au uunganishe vipande kwa gundi. Maumbo yanayokatika kwa msumeno na patasi kwa kawaida, pengo likipita kutoka ubavu mpaka ubavu, ni 59 tu, na kati ya hayo ni 25 yanayofaa kwa makufuli yaliyojaa. Fundi akaniomba nimwachie kwa wiki mbili. Nilimwachia, na niseme ukweli, usiku wa kwanza sikulala vizuri.

Mwisho wa Machi akanirudishia langu salama, na juu yake akanipa jingine. Alikuwa hajaliiga. Alibuni lake, kwa mabaki ya paini yaliyobaki kwenye oda ya rafu. "Fungua," akasema, "halafu uje uniambie umepita mlango gani."

Wiki ile ile masika yakaanza.

Paini ile ilikuwa ya Sao Hill, msitu wa kupandwa wa kule Mufindi, haijakauka sawasawa, na Dar ya Aprili haikaushi kitu. Mbao ikinywa unyevu hainenepi kila upande. Kwa urefu wake haiongezeki kitu cha kuonekana, kwa upana inavimba. Sasa fikiria kufuli: upana wa pengo umepimwa kwenye urefu wa kijiti chake, kwa hiyo unabaki pale pale. Lakini kijiti kinachopita ndani ya pengo hilo kinapita kwa upana wake, na upana ndio unaovimba. Mlango haukui, mtu anakua. Vijiti sita vinabanana kwa wakati mmoja, kila kimoja ni mlango na ni mtu.

Ndiyo maana sikujua. Nilisukuma kila ncha pande zote, na kila ncha ilinijibu vilevile. Fumbo zuri nalo hujibu hivyo mwanzoni. Rafiki yangu alinishauri nyundo. Miaka michache nyuma niliwahi kugonga pipa la Kijapani, zile kazi za kumiki za Hakone, mafumbo ya vipande vya mbao vinavyoumana, msimu kama huu huu, na jino moja la ndani likakatika. Lipo kabatini mpaka leo, linakaa wima lakini ukilitikisa linalia. Sigongi tena. Nililifunga kufuli la fundi kwenye kitambaa cha pamba, nikaliweka juu ya kabati mbali na dirisha, nikawa nalishusha Jumapili tu.

Katika kungoja huko nilimkumbuka sana babu na marufaa yake. Ilikuwa ya ubao mmoja, umepasuliwa kwa patasi katikati ya unene wake, na pale kiunoni fundi aliacha vidole vya mbao vikaumana, huku vitatu, huku viwili. Ikifunguka inakaa kama herufi ya eksi na Msahafu juu yake, ikifungwa inarudi kuwa ubao. Nilipokuwa mdogo niliitafuta misumari nikaikosa, nikamuuliza babu wale wawili waliingianaje. Akanijibu kwamba hawakuingiana, hawajawahi kuachana. Nadhani ndipo nilipoanza kuwa hivi, muda mrefu kabla ya Guangzhou.

Turudi leo. Baada ya kile cha fundo jeusi kusogea, nilikijaribu cha kulia, kikagoma. Cha kushoto kikaenda nje nafasi moja, laini, bila mlio. Kipupwe kimefanya kazi yake. Hapo cha kwanza kikapata njia ya kushuka, na kiliposhuka cha mbele kikatoka chote mkononi mwangu, kina joto la kiganja. Hatua ya nne. Fundi aliacha uwazi ndani. Kwa msumeno na patasi, bila kompyuta, aliliona jambo lililonichukua miaka miwili.

Nilivipanga vijiti kwenye mkeka. Kila kimoja kina namba ya penseli upande wa ndani, moja mpaka sita, mwandiko mkubwa. Namba nne ina kiraka. Pengo lilikatwa likazidi, kisha kona ikajazwa kipande kidogo cha paini kwa gundi na unga wa mbao, ikapigwa msasa mpaka kidole hakikamatwi. Mwanzoni nilidhani alikosea akaficha. Halafu nikavirudisha vitano, nikaishika namba nne pembeni, nikaufuata mwendo kichwani kama kile kiraka kisingekuwepo. Cha kushoto kingetoka peke yake, hatua ya pili, na kufuli lote lingekwisha hapo.

Nikampigia. Magharibi ilikuwa imekaribia, nasikia randa nyuma yake.

"Nimefungua, mzee."

"Umepita mlango gani?"

"Wa juu, halafu kushoto. Ule wa namba nne nimekuta umeuziba."

Randa ikanyamaza.

"Siku tano ule," akasema. "Siku tano nausumbukia. Sasa lirudishe, halafu Jumamosi njoo, nina mninga mkavu hapa."