Kitambaa chekundu

Mvua inapiga mabati tangu mchana, umeme umekwenda zake, na mimi nimekaa kizingitini nakwangua udongo kwenye viatu ambavyo sijapumzika navyo tangu Septemba. Udongo wetu wa Katanga, huku Kongo, ukishakaukia kwenye kiatu ni tofali. Msimu umekwisha. Kesho alfajiri sina pa kwenda, na mwili tayari unashangaa.

Nilijiahidi kuandika kila jioni. Nimeandika jioni nne. Daftari la kazi limejaa, maana hilo ndilo linalolipiwa. Hili la kwangu lina kurasa tupu na doa la chai. Basi leo natoa yote kwa mkupuo kabla simu haijazima.

Nianze na jina, kwa sababu kila mwaka linanitia aibu. Ndege ninayemfuata anaitwa kirukanjia. Nilipomwandikia binamu yangu wa Kigoma kwamba nitalala porini wiki mbili nikihesabu virukanjia, alinijibu kicheko cha mistari mitatu, kisha akauliza kama kazi hiyo kweli ilihitaji diploma. Kwao kirukanjia ni pia mwanamke wa usiku. Ndege mwenyewe hana hatia. Tabia yake tu ni kulala kifudifudi katikati ya barabara gizani na kuruka gari likiwa karibu kumkanyaga.

Wako wa aina nyingi. Wa kwetu, tunayemngojea kila mwaka, ni yule wa bendera. Dume lake, kwenye kila bawa, lina unyoya mmoja uliorefuka mpaka kuzidi mwili mzima mara mbili na zaidi. Akipita juu ya nyasi jua likizama, unadhani ni ndege watatu: mmoja mbele, na wawili wembamba wanaomkimbiza. Mwingereza John Gould, aliyemwelezea kitaalamu mwaka 1838, alimpa jina vexillarius, yaani mbeba bendera, na kwa hilo simlaumu. Sauti yake ukiisikia utasema ni nyenje. Yule mwingine wa shingo nyekundu, anayekaa nasi mwaka mzima, ndiye anayepiga mluzi mzuri usiku. Huyu wa bendera anasaga tu, juu kabisa, kama popo mwenye kiu.

Huja kutoka kaskazini ya ikweta kiangazi kinapoelekea mwisho, na kutaga kwake kunaangukia Septemba hadi Novemba, wakati miombo inatoa majani mapya mekundu na mvua bado haijaja au ndiyo kwanza inaanza. Jike hajengi chochote. Anachagua mahali chini ya mti, analala juu ya majani makavu, anataga mayai mawili, basi. Hasogezi hata jani moja. Anaatamia peke yake. Dume na bendera zake hana habari na kazi hiyo. (Papa anayenifundisha pori, mlinzi wa kile kipande chetu cha msitu, huniambia hili kila mwaka huku akimtazama mke wake, na mke wake kila mwaka hacheki.)

Kwa hiyo maisha ya ndege huyu yote yanategemea siku ambayo mtu atawasha kiberiti. Pori likiwaka Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa kavu na upepo ukiwa mkali, moto unapita kama lori: mayai, makinda, machipukizi ya miti, vyote. Likiwaka Juni, nyasi zikiwa bado nusu mbichi, moto unatembea polepole, unaacha viraka, unakufa wenyewe kwenye kivuli. Ndiyo maana kazi yetu ya ndege huanza miezi mitatu kabla ndege hajafika. Juni tunachoma sisi, jioni, umande ukianza kushuka, tukiwa na matawi mabichi mikononi. Julai tunashughulikia mashina.

Mashina napenda kuyaeleza, kwa sababu watu wa mjini wanadhani msitu uliokatwa umekufa. Miti ya miombo haifi kirahisi hivyo. Mkata makala, yaani mchoma mkaa, akipita, shina linabaki, na mwaka unaofuata limezungukwa na machipukizi kumi, kumi na mawili, yanayogombania maji yaleyale. Unachuchumaa, unachagua mawili au matatu yaliyonyooka, mengine unayaondoa kwa panga. Shina moja, lingine, lingine, mpaka mgongo unakataa. Hatujapanda mche hata mmoja kule. Tunachofanya ni kuondoa vinavyozuia, na kuomba moto usirudi.

Na wakata makala wako palepale, tunasalimiana. Saa kumi na moja alfajiri wanapita na baiskeli kuelekea mjini, magunia matatu hata manne juu ya kila moja, mdomo wa gunia umeshonewa nyasi, mtu anasukuma badala ya kupanda. Sijui nimwambie nini mtu huyo. Bukari langu, yaani ugali, la jana usiku limeiva kwa gunia lake.

Sasa nije kwenye lile ninalolikwepa tangu mwanzo wa ukurasa.

Kiota cha ndege asiye na kiota unakitafuta kwa njia mbili. Usiku unatembea njia za baiskeli na tochi, na macho yake yanakurudishia mwanga, mekundu kama kaa la sigara. Unapaweka alama mahali, unarudi asubuhi. Asubuhi unatembea polepole sana, hatua kwa hatua, mpaka kipande cha ardhi kinaruka mbele ya mguu wako. Akianguka hatua chache mbele na kuburuta bawa kana kwamba limevunjika, simama. Usimwangalie yeye. Angalia chini, ulipo. Mayai yako karibu kuliko unavyofikiri, yana rangi ya waridi iliyochafuka, na mara mbili nimeyatazama bila kuyaona mpaka Papa akanishika bega.

Ukishayapata, shida ni kuyapata tena. Mwongozo tuliopewa, uliotungwa nchi nyingine kabisa, ulisema: funga kitambaa cha rangi kali kwenye mti hatua 15 kutoka kwenye mayai, andika upande, ondoka. Nikachana pazia kuukuu jekundu. Mwisho wa Septemba nilifunga vitambaa saba, usawa wa kifua, vizuri, na nikarudi mjini siku tatu kuchukua mshahara ambao haukuwepo.

Niliporudi, kwenye mti wa kwanza kitambaa kilikuwepo. Chini yake kulikuwa na shimo.

Siyo shimo la mnyama. Shimo la watu, lenye kingo zilizonyooka, na udongo mwekundu umemwagwa upande mmoja juu ya majani, hasa juu ya yale majani. Mbele kidogo la pili, na la tatu lilikuwa na mtu ndani yake, anaonekana kuanzia kiunoni. Walikuwa wanne, na sepetu, na chupa ya maji iliyofungwa kwa kamba. Vijana wa heshima kabisa. Mmoja alimfahamu Papa, akaondoa kofia. Kisha akanigeukia mimi.

“Eh yaya, muliona nini hapa? Tunachimba mpaka huku, hakuna kintu.”

Sikuelewa. Papa alielewa mara moja. Nilimwona anafumba macho.

Hapa kwetu kitambaa chekundu juu ya mti porini kina maana moja. Ni watu wa mangodi, wa migodi. Wamepita na vyombo vyao, wamepima, wameona mukuba, yaani shaba, au kobalti, wanarudi na mashine. Kila mtoto kati ya hapa na Likasi anajua hivyo. Wachimbaji wanasoma pori kuliko sisi tunavyosoma vitabu: wanajua uwanda usio na miti una maana gani, wanajua maua yanayostahimili udongo wenye shaba, wanajua rangi ya jiwe la kijani likiwa bado limefunikwa. Nami nilikuwa nimewaandikia saba, kwa herufi kubwa.

“Sasa kitambaa ni ya nini?” akauliza yule wa shimoni.

“Ya ndege,” nikasema.

Wakanyamaza. Kisha wakacheka, wote wanne na Papa pia, kicheko kirefu cha watu waliochoka. Mmoja hakuendelea kucheka. Alikuwa ameacha kazi nyingine kuja huku, siku mbili, amenunua unga wa njiani kwa deni. Aliniuliza, kwa upole, nani atamlipa siku hizo mbili. Nilimpa nilichokuwa nacho mfukoni, ambacho kilikuwa nauli yangu. Hakikutosha na sote tulijua.

Kati ya viota saba, vitatu vilikuwa vimekanyagwa au kufukiwa. Hilo liko kwenye daftari la kazi, lina safu yake: “usumbufu wa binadamu”. Nilisita na kalamu juu ya safu ile. Binadamu nani?

Lakini mayai sita siyo lililoninyima usingizi. Jioni ile tulipofika kijijini, mama mmoja ambaye shamba lake linapakana na msitu wetu alikuwa amekaa katikati ya lundo la mihogo. Mihogo midogo, myembamba kama vidole, bado mwaka mzima kukomaa. Aliona vitambaa kabla ya wachimbaji. Kijiji cha dada yake kilihamishwa kwa ajili ya mgodi, na walipofika kung'oa mazao tingatinga lilikuwa limeshapita. Yeye hakutaka kungoja. Aling'oa nusu ya shamba kwa siku mbili, na watoto wake.

Nilianza kueleza: ndege, kaskazini ya ikweta, bendera. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja tu, “Ungeuliza,” akarudi kwenye kumenya.

Kesho yake tulikwenda kwa chifu, tukavifungua vile vitambaa mbele ya watu, vyote saba, nikavichoma uani kwake. Mzee mmoja alitaka kujua kama ni pazia zuri. Jumapili tatu mfululizo nilikwenda kwa yule mama kuloweka, kumenya na kuanika ile mihogo isiyo na kitu. Kati ya beseni tatu ilitoka unga wa kikapu kimoja. Jumapili ya kwanza hakuniongelesha. Ya pili alinipa masuku, yale matunda ya porini, machache, ya kwanza ya msimu, na akaniambia ninamenya kama mtu wa mjini. Nadhani huo ndio msamaha ninaoweza kuutarajia, na sidai zaidi.

Njia ya kuweka alama tumeibadilisha. Ni ya Papa. Hatuachi kitu chochote porini. Nachora kwenye daftari: musuku uliopinda, kichuguu kikubwa chenye mti juu yake, mupundu wenye mzinga wa zamani, hatua 20 kuelekea jua la asubuhi. Inachukua muda mara tatu. Mwanzoni nilikuwa najua miti kwa majina ya Kilatini na siitambui kwa sura. Sasa nina ramani ambayo haina maana kwa mtu yeyote asiyetembea na sisi. Watu wa ofisini waliniuliza kwa nini hakuna picha za alama kwenye ripoti. Nikawaeleza. Wakaniuliza kama tungeweza kutumia kitambaa cha bluu.

Viota vinne vilivyobaki, vitatu viliangua. Cha nne sijui aliyekila. Makinda ya kirukanjia ni vipande viwili vya majani vilivyopata macho. Siku chache tu na wameshajisogeza kando ya mahali walipozaliwa, kwa hiyo unawatafuta upya kila mara kwa hofu ya kiatu chako mwenyewe.

Juzi tulizunguka mara ya mwisho. Mvua ya kwanza ilikuwa imepita usiku, na kwenye kile kichuguu kikubwa inswa walikuwa wanatoka, kumbikumbi kwa maelfu, mabawa yaking'aa. Watoto walikuwa hapo na mabeseni. Juu yao, mapema kabla hata giza halijakolea, virukanjia walikuwa wanakata hewa, midomo wazi, wanakula na kugeuka. Dume mmoja alikuwa na bendera upande mmoja tu, akiruka kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Ya pili ililetwa na kijana wa yule mama. Aliiokota barabarani, imevunjika karibu na shina lake, nyeupe iliyofifia, ndefu kuliko mkono wake. Alitaka faranga 500. Nikamuuliza kwa nini 500. Akasema kwa sababu nilimlipa mchimbaji kwa shimo tupu.

Nilimlipa. Unyoya uko hapa mbele yangu, umezidi daftari pande zote mbili, na sijui niuhifadhi wapi usijikunje. Lile shimo la kwanza limejaa maji. Papa anasema tusilifukie bado, vyura wameshaingia.