Siti ya Kukulia

Mamangu alitununulia viatu vya Idi vikubwa kwa namba mbili. Dukani Mombasa alibonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, na akikuta pamebaki nafasi, uso humchanua. "Utakua tu." Nyumbani tulisindilia karatasi za gazeti ndani, tukaenda kuswali tukiburura miguu kama mabata. Nayasema haya mapema ili ijulikane ugonjwa wangu ulianzia wapi, maana mwaka 2018, huku Kent, Uingereza, nilimnunulia mpwa wangu siti ya karti, kile kigari kidogo cha mashindano, kwa akili ile ile.

Kijana alikuwa na miaka 13, mwembamba kama mwiko. Tulikuwa tumepata karti kuukuu ya injini ya Rotax ya 125cc, fremu nzuri, lakini siti yake ilikuwa imeanza kupasuka kwenye matundu ya bolti. Ufa wa hapo hauchezewi. Tukaenda kutafuta mpya.

Muuzaji alimwuliza uzito, akampima kiuno na nyonga, kisha akamkalisha katika siti tatu. Ya kwanza ilimbidi ajipenyeze kama anayevaa jinzi iliyotoka kufuliwa. Muuzaji akamshika makwapani, akamwinua, na siti ikainuka naye.

"Hii ndiyo yake," akasema.

"Ataikalia miezi mingapi?" nikamwuliza. Akainua mabega. Nikaishika ile ya tatu.

"Mjomba, hii ya kwanza imenishika vizuri," kijana akasema kwa sauti ya chini. Hanipingi mbele ya watu. Mama yake kamlea hivyo.

"Utakua tu," nikamwambia. Wallahi sauti iliyotoka ilikuwa ya mamangu.

Mimi ni fundi wa mabasi. Basi lina springi, lina shokamzoba, lina mifuko ya hewa chini, na kazi yangu ni kuhakikisha kila kilichofungwa kimekaza. Karti haina hata kimoja katika hivyo. Ni mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa welding, magurudumu manne, injini, na mtu. Tangu Art Ingels alipounda ya kwanza kule California mwaka 1956 kwa injini ya mashine ya kukatia nyasi, asili yake ni hiyo. Nilijua kwamba haina springi. Sikuwa nimejiuliza basi kazi ya springi inafanywa na nani.

Jumamosi ile gereji ilinuka vumbi la faiba ya siti. Nilivaa glavu na barakoa, kijana nikamtoa nje, kwa kuwa vumbi hilo likikuingia shingoni utajikuna siku mbili. Nikaitandikia siti kipande cha ubao ili sehemu yake ya chini ilingane na mabomba ya fremu. Mpaka hapo sina la kujilaumu. Kosa lilianza upande kwa upande. Injini ya karti yetu iko kulia, kwa hiyo siti hutakiwa isogee kidogo kushoto ili uzito usielemee upande mmoja. Siti yangu pana ilikataa, kwa sababu mbavu zake zilishagusa chuma cha kushoto. Nikaiweka ilipokubali, nikatoboa matundu ya milimita 8, nikaanza kufunga. Kwenye kishikio cha juu kulia, kile chuma cha fremu kinachoshika siti, kulibaki mwanya wa upana wa kidole. Fundi wa mabasi akiona mwanya hufanya nini? Nikatia spana, nikavuta. Bolti ikalia, siti ikaja, mwanya ukafa. Nilijipigapiga mikono kwa furaha.

Kijana alipokaa alibakiwa na nafasi ya kiganja kila upande. Nikakata sponji, nikabandika kwa gundi. Karatasi za gazeti.

Tulikwenda Buckmore Park, karibu na Chatham, kiwanja kilichokuwa mikononi mwa John Surtees miaka yake ya mwisho, yule bingwa pekee wa dunia wa pikipiki na wa Formula 1 pia. Njia yake inapanda na kushuka kilima, haikupi nafasi ya kupumzika. Nilisimama uzioni na saa mkononi. Mzunguko wa tatu nikaona gari linaruka. Kona ya kushoto linaingia vizuri, kona ya kulia linadunda kama mbuzi, tak-tak-tak, kisha linakwenda moja kwa moja huku kijana kakata usukani wote. Nikadhani ni upepo wa matairi. Nikaupunguza. Likadunda vile vile.

Aliporudi mara ya pili hakushuka. Alikuwa ameshika mbavu za kushoto, macho yamelowa ndani ya kofia.

"Unaumwa?"

"Kidogo, Mjomba."

Nilipomfungua zipu ya ovaroli na kizibao cha kukinga mbavu nikakuta wekundu wa upana wa mkono wangu. Kumbe kila kona alikuwa akitupwa, sponji inabonyea, anagonga ukingo wa siti, na ili asitupwe tena anajining'iniza kwenye usukani. Mtu anayening'inia kwenye usukani hawezi kuuendesha.

Jirani yetu pale kwenye maegesho alikuwa mzee wa Kiingereza, na mjukuu wake naye alikuwa akikimbia. Alikuja na kikombe cha chai, akazunguka karti yetu mara moja bila neno, akainama.

"Nani kaifunga hii?"

"Mimi."

Akaomba spana. Akalegeza ile bolti ya juu kulia taratibu, na ilipofika uzi wa mwisho siti ikaruka, *pa!*, ikarudi kwake umbali wa kidole kizima. Na mimi nikaona kwa macho yangu gurudumu la mbele likishuka likakaa sakafuni. Muda wote karti ilikuwa imejikunja, imesimama kama meza yenye mguu mfupi.

"Chuma ndicho kinachopindwa kiifuate siti," mzee akasema. "Na mwanya ukibaki, unatiwa washa, kile kipete bapa cha bolti." Akanywa chai yake.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya. Ekseli ya nyuma ya karti ni chuma kimoja, magurudumu mawili yanazunguka pamoja, hayana difu ya kuruhusu moja lizunguke haraka kuliko jingine. Ili karti igeuke, gurudumu la nyuma la ndani lazima liinuke kidogo, na linainuka kwa sababu fremu inajipinda na uzito wa dereva unahamia nje kupitia siti. Kilo 50 za mtoto yule zilikuwa zinapita kwenye faiba ile na bolti zangu. Siti ndiyo shokamzoba. Mimi nilikuwa nimelifunga shokamzoba kwa kamba, halafu nikamweka ndani yake mtu anayeteleza.

Jioni dadangu aliziona mbavu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Namba ngapi?" nikajua anazungumzia viatu. Sisi wawili tulivivaa vile viatu.

Wiki iliyofuata nilirudi dukani nikanunua ile ya kwanza. Safari hii kijana alikaa ndani ya siti akiwa na ovaroli na kizibao, miguu kwenye pedali, viwiko vimekunjwa, ndipo nikapima: kutoka ekseli hadi ukingo wa juu wa mgongo, kutoka bomba la mbele hadi mdomo wa siti, kama karatasi ya watengenezaji wa fremu inavyoagiza. Vishikio nikavipinda kwa bomba refu mpaka vikaigusa faiba vyenyewe, bila kulazimishwa. Palipobaki milimita tatu nikatia washa. Ilinichukua siku nzima. Baada ya mizunguko ya kwanza nikakagua bolti zote tena, na mbili zilikuwa zimelegea.

Karti haikudunda. Kijana alishuka akiwa na njaa, akauliza kama kuna sambusa zimebaki.

Siti ile kubwa haikurudishika, maana nilishaitoboa. Iko gereji mpaka leo, nimeiegemeza juu ya tairi mbili za basi. Huwa naikalia nikinywa chai. Imenienea kama kanzu ya kushonesha.