Kilti, na jina la kitambaa

Jumapili usiku. Harusi ilikuwa jana na bado nahisi uzito wa sufu kiunoni.

Wiki tatu zilizopita bwana harusi, rafiki yangu wa kazini, alinipeleka kwenye duka la kukodisha mavazi hapa Glasgow. Alitaka wasimamizi wake wote tuvae kilti, ile sketi ya sufu ya wanaume wa Uskoti. Fundi, mzee mpole, alinipima kiuno, akapima hadi gotini, kisha akatandaza mezani kilti ya miraba ya kijani na buluu iliyokoza, na nyeusi ikipita katikati. "Hii anaivaa yeyote," akaniambia, "hata asiye na ukoo huku." Nikaipapasa. Marinda yalikuwa yamelala nyuma, moja juu ya lingine, yamepigwa pasi hadi ukingo wake ni mkali kama wa karatasi. Nilikwisha kuipenda. Nikauliza jina la kitambaa, maana nimelelewa na wanawake wasionunua leso kabla ya kusoma jina lake.

Black Watch, akasema. Nikaondoa mkono.

Shosho wangu, yaani nyanya yangu, ni wa Nyeri, Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau miaka ya 1950, alikuwa msichana, akahamishiwa na mama yake katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na handaki lenyewe walilichimba wao. Askari waliowasimamia hajui walikuwa wa kikosi gani, wala mimi sitamsemea. Lakini najua kwamba Black Watch, kikosi cha Waskoti katika jeshi la Uingereza, kilikuwa Kenya kuanzia 1953 hadi 1955, katika vita dhidi ya Mau Mau. Kitambaa kile ni chao. Nisingeweza kucheza harusini nikiwa nimekivaa.

Nilimweleza rafiki yangu tukiwa bado dukani. Hakubishana. Alichoniambia ni kwamba hata kwao kitambaa hicho kina historia nzito, na usiku huo nikakaa kusoma.

Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, ambako jeshi la mfalme liliwashinda waasi wa Uskoti, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa nyanda za juu za Uskoti kuvaa mavazi yao. Kosa la kwanza, jela miezi 6. Ukirudia, unasafirishwa ng'ambo kwa miaka 7. Walioachiwa kuvaa ni askari wa mfalme, na Black Watch walikuwa miongoni mwao, kikosi kilichotokana na makundi ya ulinzi yaliyoundwa mwaka 1725 ili kuwachunga watu wa nyanda hizo hizo. Sheria haikufutwa hadi 1782. Karibu miaka 36! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa marufuku alikuwa na watoto wake kabla hajaruhusiwa kuvaa nguo ya babu yake.

Ndiyo maana siwezi kuwadharau Waskoti wanaouliza nani avae. Mtu aliyevuliwa nguo kwa sheria ana haki ya kuuliza. Nisichokubali ni hoja ya damu, kwamba kila ukoo una miraba yake tangu zamani za kale. Mwaka 1815 chama cha watu wa nyanda za juu kilichokuwa London kiliwaomba wakuu wa koo wapeleke sampuli za tartani zao, yaani vitambaa vya miraba ya koo zao, na baadhi yao hawakuzijua. Mkuu wa akina Robertson aliuliza wazee wake, kila mmoja akamweleza tofauti. Leo kuna daftari la taifa la tartani, lililoanzishwa kwa sheria ya 2008, na hata Masingasinga wa Uskoti wamo na tartani yao.

Siku nne kabla ya harusi, mama yake bwana harusi alinijia na mfuko wa nguo. Ndani mlikuwa na kilti ya marehemu baba yake, nyekundu na kijani, ya akina MacGregor. Akaniambia jina hilo lilipigwa marufuku mwaka 1603, mtu akaweza kuuawa kwa kuitwa hivyo, na marufuku ya mwisho ikaondolewa 1774. "Vaa hii," akasema. Alinifunga mikanda mwenyewe, akatoboa tundu jipya kwa sababu kiuno changu ni chembamba kuliko cha mzee.

Harusini mgeni mmoja aliniuliza kwa haki gani nimevaa. Kabla sijafungua mdomo mama yule alikuwa ameshafika. "Ni ya baba yangu," akamjibu, "nami ndiye niliyempa." Tukaendelea kula.

Leo nimempigia Shosho, akiwa ameshaona picha. Ameuza vitambaa Karatina maisha yake yote, kwa hiyo alianza na jina. Nikamsimulia habari za MacGregor. Akakaa kimya, kisha akauliza kama walirudishiwa jina lao. Walirudishiwa, nikasema. Akataka kujua ni yadi ngapi. Nane, na marinda yote yako nyuma. Akaniambia nimtumie picha ya mgongoni.