Meli 11 za Kuwait: jinsi Marekani ilivyoingia Ghuba na kubaki

Majeshi ya Marekani katika Ghuba yakizungumzwa, wengi huanzia 1991, Kuwait ilipokombolewa, au 2003, Baghdad ilipoanguka. Mimi nasema turudi 1987. Mwaka huo Marekani ilipokea kazi iliyoonekana ndogo, kusindikiza meli 11 za Kuwait, na kabla ya mwaka kutimia tangu msafara wa kwanza kazi hiyo ilikuwa imezaa vita vya baharini na vifo vya watu 290 ndani ya ndege ya abiria. Atakayeifuata hatua kwa hatua ataelewa kwa nini jeshi hilo, likishaingia, huwa halitoki.

Msingi uliwekwa 1980. Tarehe 23 Januari Rais Jimmy Carter alitangaza kwamba nguvu yoyote ya nje itakayojaribu kuitwaa Ghuba itahesabiwa kuwa imeshambulia maslahi ya Marekani, na itarudishwa hata kwa silaha. Lakini tangazo bila bandari halifiki popote. Waingereza walikuwa wameshaondoka 1971, na Marekani ilikuwa na kikosi kidogo tu Bahrain. Mwaka huohuo wa 1980 ikafanya mapatano na Oman, Somalia na Kenya ili meli na ndege zake zitumie Masirah, Berbera na Mombasa. Manowari za Kimarekani zilizokuwa zikitia nanga Kilindini miaka ile hazikuja kutembea tu. Mombasa ilikuwa sehemu ya mpango wa Ghuba.

Vita vya Iraq na Iran vilianza Septemba 1980, na kuanzia 1984 meli za mafuta zikawa shabaha ya kila siku. Ndege za Iraq zilipiga meli zilizokwenda kupakia mafuta ya Iran kisiwa cha Kharg. Iran haikuwa na meli za Iraq za kulipiza kisasi, kwa kuwa mafuta ya Iraq yalipita kwa mabomba nchi kavu, basi ikageukia meli za Kuwait, iliyokuwa ikiifadhili Iraq. Kuwait ikabisha hodi Washington na Moscow kwa pamoja. Wasovieti walipokubali kuikodisha meli tatu, Wamarekani hawakutaka kuachwa nyuma.

Njia iliyotumika ilikuwa ya makaratasi. Meli ya kigeni haikuwa na haki ya kulindwa na manowari za Marekani, ila yenye bendera ya Marekani ilikuwa nayo. Kuwait ikaanzisha kampuni katika jimbo la Delaware, ikaihamishia umiliki wa meli 11, zikasajiliwa upya kwa majina mapya na kupewa nahodha raia wa Marekani. Al Rekkah, meli ya tani zaidi ya 400,000, ikawa Bridgeton. Meli za nchi nyingine zilizopita njia hiyohiyo hazikuwa na ulinzi huo; ruhusa ya kuzisaidia zinaposhambuliwa ilitolewa Aprili 1988 tu.

Kabla msafara wa kwanza haujaondoka, tarehe 17 Mei 1987, ndege ya Iraq ilirusha makombora mawili ya Exocet yakaipiga manowari USS Stark. Mabaharia 37 wakafa. Aliyepiga alikuwa upande ambao Marekani yenyewe ilikuwa ikiuegemea.

Msafara ukang'oa nanga Julai: Bridgeton, meli ya gesi Gas Prince, na manowari tatu. Tarehe 24 Julai, karibu na kisiwa cha Farsi, Bridgeton ikagonga bomu la majini. Haikuzama. Jitu la ukubwa ule lina vyumba vingi vilivyotengwa, maji yakijaa vichache meli huendelea kuelea. Manowari ina ubavu mwembamba, na mlipuko uleule ungeweza kuivunja. Kwa hiyo walinzi wakarudi nyuma, wakajipanga mstari mmoja nyuma ya Bridgeton, na meli iliyokuja kulindwa ikawa ngao yao hadi Kuwait.

Bomu lenyewe lilikuwa la usanifu wa Kirusi wa 1908. Ni duara la chuma lenye baruti ya kilo 115 hivi, na juu yake zimechomoza pembe za madini laini ya risasi. Ndani ya kila pembe mna kichupa cha kioo chenye asidi. Meli ikiigusa, pembe hupinda, kichupa huvunjika, asidi humiminikia betri, umeme huzalika na bomu hulipuka. Chini yake kuna nanga inayozama hadi sakafuni huku ikifungua waya, na bomu hubaki linaelea chini kidogo ya uso wa maji. Ghuba ina kina kifupi, wastani wa mita 35 hivi, kwa hiyo waya mfupi unatosha na mashua yoyote ya mizigo inaweza kuyatega usiku. Pepo za shamali zikichafua bahari, waya nyingine hukatika na mabomu huzurura yanakotaka.

Kuyaondoa ni kazi ya subira: meli huburuta kamba ya chuma yenye visu, waya wa bomu ukikatwa linaibuka juu, kisha linapigwa risasi. Marekani haikuwa na hata meli moja ya kazi hiyo Ghuba. Zake zilikuwa chache na kuukuu, na kwa miaka mingi iliwaachia washirika wa Ulaya jukumu hilo. Ikabidi zisafirishwe helikopta nane za kuburuta vifaa vya kufagia, na tagi (meli ndogo za kuvuta) za Kuwait zikafungwa vifaa vya haraka. Nchi za pwani zilisita kutoa vituo vya wazi, kwa hiyo matishari mawili makubwa ya kazi za mafuta, Hercules na Wimbrown VII, yakakodiwa na kutiwa nanga kaskazini mwa Ghuba, yakiwa na magunia ya mchanga, helikopta ndogo na boti za doria. Hivyo ndivyo kazi ya kusindikiza ilivyoanza kuwa makao.

Septemba 1987 helikopta za usiku ziliinasa meli ya Iran, Iran Ajr, ikitega mabomu, na mengine yakakutwa sitahani. Tarehe 14 Aprili 1988 USS Samuel B. Roberts ikayaona mabomu mbele yake. Nahodha akaamuru meli irudi kinyumenyume katika njia yake ileile, ikagonga jingine. Mkuku ukavunjika, chumba cha mitambo kikajaa maji, na mabaharia wakafunga nyufa za sitaha kwa kamba za chuma ili meli isikatike vipande viwili. Hakufa mtu. Matengenezo yalikaribia dola milioni 90, ilhali bomu la namna ile hukadiriwa kugharimu dola 1,500 tu.

Namba za mabomu yaliyopatikana hapo zililingana na za Iran Ajr. Siku nne baadaye Marekani ikaharibu majukwaa mawili ya mafuta ya Iran na kuizamisha manowari Sahand.

Tarehe 3 Julai 1988 ndilo tukio ambalo sikubali lipitiwe kwa sentensi moja. USS Vincennes ilikuwa ndani ya maji ya Iran ikipambana na boti ndogo. Airbus A300 ya Iran Air ikaruka kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Mitambo ya meli ilirekodi sawasawa kwamba ndege inapanda. Mabaharia waliokuwa wakiisoma mitambo hiyo wakaripoti kuwa inashuka kuja kuwashambulia. Maonyo mengi yalipigwa kwenye masafa ya kijeshi ambayo ndege ya abiria haiwezi kuyapokea. Makombora mawili yakarushwa, watu 290 wakafa, 66 kati yao watoto. Mwaka 1996 Marekani ilikubali kuzilipa familia dola milioni 61.8, bila kukiri kosa kisheria.

Vita viliposimama Agosti 1988, vituo havikufungwa vyote. Iraq ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, ramani, bandari na mazoea vilikuwa tayari. Hata hivyo tarehe 18 Februari 1991 mabomu ya majini yalizipiga USS Tripoli na USS Princeton kwa tofauti ya saa chache, na Tripoli ndiyo iliyokuwa imebeba helikopta za kuyafagia. Mwaka 1995 kikosi cha Bahrain kikawa Kundi la Tano la manowari, na bado liko huko.

Iran iliipeleka kesi ya majukwaa yake Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Hukumu ilitoka tarehe 6 Novemba 2003, majeshi ya Marekani yakiwa tayari ndani ya Iraq. Majaji walisema mashambulizi yale hayawezi kuhalalishwa kuwa yalihitajika kulinda usalama wa Marekani. Fidia hawakuipa Iran, kwa kuwa wakati majukwaa yanapigwa hapakuwa na biashara ya mafuta yake iliyokuwa ikipita kati ya nchi hizo mbili.