Rangi niliyoitanguliza

Jumamosi, usiku

Mikono inanuka petroli hata baada ya kuiosha mara tatu. Leo pikipiki ya mjomba iligoma, na nilipoijua sababu ikanirudisha hadi siku zile nilipokuwa na haraka kuliko kazi yenyewe.

Ni Honda CG125 ya miaka ya 1970. Mjomba aliiendesha mpaka macho yakapungua nguvu, kisha ikakaa stoo chini ya turubai kwa zaidi ya miaka kumi. Injini ilikuwa imekamata: ukikanyaga kiki, mguu unagota kama umekanyaga jiwe. Wengi wakifika hapo huchukua nyundo. Mimi nilifungua plagi, nikamimina mafuta ya kulegeza kutu, nikayaacha yafanye kazi yake. Kila jioni niliongeza kidogo, nikaweka gia ya mwisho, nikawa naliyumbisha gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu. Siku ya 19 kitu kikaachia ndani, kwa sauti ndogo kama ulimi unaobanduka kwenye kaakaa. Nikakaa chini palepale. Usiku ule sikuigusa tena.

Kuifungua injini hii ni raha. Haina cheni ya kuzungusha kemu, ule mhimili unaofungua valvu, kule juu. Kemu iko chini, na valvu zinasukumwa na fito mbili ndefu, kwa hiyo kila kitu unakiona na kukielewa kwa macho. Kilichonichukua muda ni silinda. Ilikuwa inang'aa kama kioo, na mng'ao huo ndio ulionitia wasiwasi, maana silinda yenye afya huwa na mikwaruzo myembamba inayopishana, ile inayoshika oili. Nikapitisha ukucha karibu na mdomo wa juu, pale ringi ya kwanza ya pistoni inapofika na kurudi. Ukucha ukakwama kwenye kingo.

Kipenyo chake cha kiwandani ni milimita 56.5. Fundi wa kukereza aliipima juu na chini, kisha mbele-nyuma na kushoto-kulia, na kweli haikuwa duara tena: imelika zaidi mbele na nyuma, kwa sababu krenki, mhimili mkuu wa injini, inapozunguka huisukuma pistoni upande huo. Ikabidi ichongwe ifuate pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25. Nilimpelekea pistoni mpya mkononi kabla hajaanza kuchonga, aipime yenyewe badala ya kuamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ringi nazo nilizisukuma moja moja ndani ya silinda tupu kwa kutumia pistoni ili zikae sawa, nikapima mwanya wa ncha zake kwa fila, vile vibamba vyembamba vya chuma. Wakati wa kuzivisha nikahakikisha mianya yake haikai mstari mmoja, la sivyo moto hupata njia ya kushukia.

Fremu ndiyo niliyoikosea.

Silinda ilipokuwa kwa fundi sikuweza kukaa bure. Nikaipiga fremu brashi ya waya, msasa, praima, halafu rangi nyeusi mikono mitatu. Namba yake pale shingoni niliibandikia utepe, msasa usiiguse, na hilo nalifurahia mpaka leo. Ilipokauka niliitundika uani nikawa napita kila mara kuitazama. Chini ya kiti, upande wa kushoto, nilikuwa nimeona uzi mwembamba wa kutu kabla ya kupaka. Niliusugua, ukafifia, nikapaka juu yake.

Mjomba alipokuja hakusema imependeza. Aliipapasa fremu yote kwa vidole, kimya, mpaka akafika pale chini ya kiti. Vidole vikasimama.

"Mjomba, hapa uliona nini kabla hujapaka?"

Nikamwambia, uzi wa kutu.

"Kutu hutambaa, mjomba. Haichori mstari."

Tukaichuna rangi. Ufa wenye urefu wa ukucha wa dole gumba ulikuwa pale, mahali panapobeba uzito wote wa aliyekaa. Fundi wa kuchomelea alitoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa usizidi kutembea, akauchimba mfereji, akaujaza. Nilipaka upya sehemu ile. Doa lake linaonekana ukijua pa kutazama.

Nilidhani deni la ile haraka limekwisha. Leo nimefunga kila kitu, nikarekebisha mwanya wa valvu zote mbili kwa milimita 0.08, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu kabisa, nikapiga kiki. Kimya. Nikaichomoa plagi, nikailaza kwenye kichwa cha silinda, nikazima taa nione cheche, nikapiga tena. Giza tupu. Nikasafisha pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme ili cheche iruke, nikabadili kondensa inayoilinda, nikafuata waya mmoja mmoja. Saa mbili nzima.

Kisha nikaitazama koili, ile inayoupandisha umeme wa plagi. Imefungwa kwenye fremu kwa bolti mbili, na chini yake kuna ile mikono mitatu ya rangi. Hata nyuzi za matundu nilikuwa nimezipulizia. Umeme unarudi kupitia chuma cha fremu, na rangi haipitishi umeme. Koili ilikuwa kama imening'inia hewani.

Nikakwangua kwa ncha ya bisibisi sehemu ndogo kama kifungo cha shati, mpaka chuma cheupe kikatokea, nikafunga tena. Nikazima taa. Cheche ikaruka, ya bluu, na mlio wake mkavu.

Plagi sijairudisha. Mjomba anakuja kesho asubuhi na kiki hiyo ni yake. Pale nilipokwangua nimepaka grisi kidogo pembeni, kutu isipate pa kuanzia. Bado honi na taa ya nyuma, nazo zimefungwa juu ya rangi ileile. Nitazikwangua kabla hajafika.